Mfalme Kwenye Kona

Bunju, 1 Februari 2025

Mzee wangu Albano,

Shikamoo. Natumaini miguu imepungua kuvimba na Mama Anastasia hajambo.

Mzee, umeisahau tena ngome yako kule kwenye kona ya a1. Siku mbili nimeitazama nikidhani ni mtego. Nimegundua si mtego, ni uzee. Basi, malkia wangu anakula ngome a1. Nisamehe, mie sijazoea kuacha cha bure.

Huu ni mchezo wetu wa kumi na tano. Kumi na nne tulicheza pale Mwenge, kwenye kibanda cha vinyago cha Yustina, Jumamosi baada ya Jumamosi, na yote kumi na nne nilikulaza. Huu wa karatasi uliutaka mwenyewe baada ya miguu kugoma, na simu ukaikataa kwa sababu, ulisema, simu za siku hizi zinacheza chesi zenyewe. Mimi niliyewahi kuwa bingwa wa Kinondoni nihitaji simu kumfunga mchongaji? Umenichekesha mpaka wanafunzi wangu wakaniuliza kulikoni.

Ahadi yetu naikumbuka. Siku utakayonishinda, hata mara moja, utaniuliza swali moja nami nitakujibu kweli tupu. Niliapa kwa jina la Deogratias, mwanao na rafiki yangu, popote alipo. Kiapo ni kiapo. Ila kwa mwendo huu, Mzee, swali lako litaota ndevu.

Barua naiacha kwa Yustina kama kawaida.

Kijana wako,
Wilbert


Mtoni, 8 Februari 2025

Kaka Wilbert,

Habari za huko. Barua yako nimeifungua mimi, kwa sababu baba hayupo tena. Alifariki tarehe 28 Januari alfajiri, tukamzika Ijumaa. Tulikupigia, namba haipatikani. Sikulaumu, najua umebadilisha namba mara nyingi tangu Deo apotee.

Nakuandikia kwa sababu ya wosia. Wiki moja kabla hajafa, baba aliniita akanionyesha kitambaa cha kanga alichokishona mifuko mifuko, kimewekwa chini ya tezo zake za kuchongea. Ndani ya mifuko mna bahasha. Juu ya kila bahasha ameandika mchezo mmoja wa kete, lakini si wake. Ni wako. Akaniambia: "Wilbert akileta mchezo, tafuta bahasha iliyoandikwa mchezo huo, mpelekee kama ilivyo. Siku atakapocheza mchezo ambao haumo, mchezo umekwisha, mwacheni na maisha yake. Akiacha kucheza, kashindwa, atajibu swali." Idadi ya bahasha akanikataza nisikwambie.

Mie chesi siijui, kaka. Najua tu kwamba barua yako ya tarehe mosi inasema malkia anakula ngome a1, na bahasha ya kwanza niliyoishika imeandikwa hivyo hivyo, kwa mkono wa baba. Wewe uliandika siku ya nne baada ya kifo chake. Nilikaa chini kwanza.

Naiambatisha.

Marietha

*

Mwanangu Wilbert,

Umekula. Nilijua utakaa nayo siku mbili ukiinusa, kisha utakula.

Farasi wangu anakwenda g5.

Albano. Zamu yako.


Bunju, 13 Februari 2025

Dada Marietha,

Pole sana. Pole kwako na kwa Mama. Nimelia, wala sioni haya kusema. Mzee alinichukua kama mtoto wake wakati hata mimi mwenyewe sikuwa najipenda.

Kuhusu bahasha, usitishike. Kwenye chesi mtu akikuachia ngome bure, kila mchezaji ataila. Mzee kukisia hilo si muujiza. Hizo siku mbili kabahatisha. Nadhani kaandika bahasha hamsini, moja kwa kila mchezo unaowezekana, masikini, kazi ya mgonjwa asiyepata usingizi. Hazitafika mbali. Michezo ni mingi kuliko karatasi zilizopo Dar es Salaam nzima.

Ningekuomba tuishie hapa, lakini kanuni hiyo niliwafundisha mwenyewe watoto wa shule: anayeinuka mezani kashindwa. Kwa heshima ya marehemu nacheza. Farasi wake wa g5 anapiga kelele tu, hana msaada wa kutosha. Nina nafasi ya kujinufaisha tena. Malkia wangu anakula kitunda, ile kete ndogo, pale a2.

Ubani wangu nimeuacha kwa Yustina. Msalimie Mama. Bado analala chini?

Wilbert


Mtoni, 19 Februari 2025

Kaka,

Ubani umefika, asante.

Ndiyo, mama bado analala chini. Tangu ile Jumatatu ya Pasaka ya 2021 hajapanda kitandani wala hajakaa kwenye kiti. Mkeka ule ule, sebuleni, ukutani. Msiba wa baba tumeuanua hata kabla siku ya arobaini haijafika, kwa sababu ndugu wana kazi, lakini matanga ya Deo mama kakataa. "Nianue matanga ya nani? Nimemwona? Nimemzika?" Kanisani wanamshauri, shangazi zetu wamekuja kutoka Newala wakambembeleza, wapi. Ulituambia mliachana pantoni, yeye akasema anakwenda Mbagala kwa rafiki. Tumeimaliza Mbagala, tumekwenda Chamazi, tumekwenda hospitali na mochwari zote. Mtu hawi moshi.

Unasema bahasha hamsini. Sikujibu hilo, nimekatazwa.

Nikwambie kitu kuhusu baba. Wachongaji wenzake walikuwaga wanamcheka kwa gogo la mpingo alilolilaza kivulini nyuma ya choo, miaka, bila kuligusa. Alisema mpingo ukiuharakisha unapasuka mikononi mwako. Unaulaza, unautazama, wenyewe unakuonyesha utapasukia wapi. Ukishajua ufa wake ndipo unachonga. Kila jioni alipotoka Mwenge kucheza nawe na kufungwa, nilimwuliza, "Baba, umeshinda?" Anasema, "Nimemlaza kivulini." Nilidhani anataniana na mie.

Bahasha ya malkia kula kitunda a2 ipo. Hii hapa.

Marietha

*

Mwanangu Wilbert,

Umekula tena. Marietha umemwandikia mara mbili. Barua ya kwanza, iliyosema "tuishie hapa", umeichana, kisha ukaandika nyingine ya kujikaza. Pole. Kila unapotaka kukimbia huwa unajikaza kwanza, hata Mwenge ulikuwa hivyo, ukishika sikio.

Malkia wangu anakwenda e6. Cheki.

Albano. Zamu yako.


Bunju, 24 Februari 2025

Marietha,

Sasa tuelewane. Hizi bahasha unaziandika wewe. Nimechukua barua zote za Mzee tangu Oktoba, nimezilaza mezani kando ya hizi mbili, nimetazama mkono wake herufi kwa herufi. Hiyo "g" yenye mkia mfupi ni yake. Sawa, mkono ni wake. Lakini kuna mtu anayemwambia.

Nani kakwambia nilichana barua? Ninaishi peke yangu. Nilichana vipande vidogo, nikavitia kwenye jiko la mkaa, nikasimama mpaka vikaisha.

Na kingine. Ile seti ya chesi aliyonichongea, kete zote nzima isipokuwa moja. Mfalme mweusi amepasuka. Ufa umeanzia utosini ukashuka mpaka shingoni, ndani ya wiki hii. Nimemfunika kwa kikombe kwa sababu naona ananitazama, mimi mwalimu wa hesabu, mtu mzima. Nimeacha kulala chumba hicho.

Sikiliza basi. Mfalme wangu anashambuliwa, na hapa zipo njia mbili tu. Ya kwanza ni kumkinga kwa ngome, f7. Mtoto wa darasa la kwanza wa chesi angecheza hivyo, na angekuwa anashinda, maana Mzee hana kitu baada ya hapo. Kwa hiyo bahasha ya hiyo lazima ipo, imenikalia. Ya pili ni kumpeleka mfalme kwenye kona, h8. Ni mchezo wa kipumbavu. Mbele ya farasi yule, kona ni kaburi. Hakuna mchezaji wa kiwango changu duniani angeucheza, na Mzee alijua kiwango changu, kwa hiyo hakuna bahasha yake. Na bahasha isipokuwepo mchezo umekwisha, mnaniacha. Ni maneno yake hayo.

Mfalme wangu anakwenda h8. Haya, tafuta.

Wilbert


Mtoni, 2 Machi 2025

Wilbert,

Ipo.

Marietha

*

Mwanangu Wilbert,

Pumua kwanza.

Mimi chesi siijui sana. Wewe ndiye uliyenifundisha, na michezo kumi na nne umenionyesha kwamba sitakuweza hata nikifufuka. Sikuisoma chesi. Nilikusoma wewe. Miaka kumi na minane nilichonga farasi na wafalme wa kuwauzia wageni bila kujua wanavyotembea, lakini mti najua kuutazama.

Nilikuona ukishinda, huo si ufa. Nikakuachia vya bure, ukala, huo nao si ufa, kila mtu hula. Nilingoja nikuone ukiogopa. Ilitokea mara tatu katika michezo yote, na mara zote tatu ulikuwa na jibu zuri mkononi, jibu la kusimama na kukinga. Mara zote tatu uliliacha ukampeleka mfalme kujificha, halafu ukashinda tu kwa sababu mimi ni mbumbumbu. Sasa hivi unajiambia umecheza hivi kwa ujanja, ili unikwepe. Hapana, mwanangu. Umeshikwa na woga, ukaenda ulikozoea kwenda. Ujanja umeutafuta baadaye ili uuvishe woga nguo.

Mfalme yule mweusi nilimchonga kwa mti mbichi kwa makusudi. Wengine wote ni wa gogo la kivulini. Utapasuka, usiogope, ni mti tu.

Nikwambie jambo litakalokuuma. Ngome f7 sikuiandikia bahasha. Sikuwa na jibu lake. Ungesimama ukakinga, ungekuwa huru leo na swali langu ningekwenda nalo kaburini.

Malkia wangu anakwenda g8. Cheki. Mfalme hawezi kumla, askofu wangu wa c4 anamlinda. Ngome yako itamla kwa sababu huna mchezo mwingine wowote, na kwa hiyo sikusubiri barua. Farasi wangu anakwenda f7. Chekimeti. Mtazame mfalme wako: hakuzibwa na watu wangu hata mmoja, kazibwa na wake mwenyewe.

Swali langu ni hili. Sijui mlikwenda wapi siku ile na sijui kilichotokea. Najua tu kwamba palikuwa na kona na wewe ukaenda huko. Mwanangu yuko wapi?

Albano. Zamu yako.


Bunju, 9 Machi 2025

Dada Marietha, na Mama Anastasia, shikamoo,

Mama asomewe hii yote, usimfiche kitu.

Nimeipanga seti upya mara nyingi. Ni chekimeti kweli.

Hatukuachana pantoni. Siku ile ya Jumatatu ya Pasaka tulivuka tukaenda mpaka Kimbiji. Deo alikuwa amebeba seti ya baba yake ndani ya begi. Tulicheza kwenye mchanga. Mnajua Deo alikuwa hanifikii, lakini alikuwa anacheka hata akifungwa. Mimi ndiye niliyeleta dau. Nilisema atakayefungwa aogelee mpaka kwenye mtumbwi uliokuwa umefungwa nanga mbele yetu, auguse, arudi. Nilijua nani atafungwa. Nilijua hajui kuogelea vizuri. Nilitaka tu nimwone akikataa, nimcheke.

Hakukataa. Aliingia na shati lake la njano. Alifika nusu. Maji yakamvuta kuelekea upande wa miamba, akaniita. Aliniita mara tatu kwa jina langu. Mimi naogelea, Marietha. Nimefundishwa shuleni Bukoba, naogelea vizuri kuliko ninavyocheza chesi. Niliingia maji yakafika magotini. Kisha nikarudi. Kulikuwa na miamba miwili imekutana, kama kona ya chumba, nikaingia pale nikaketi, nikaziba masikio. Sijui nilikaa muda gani. Nilipotoka bahari ilikuwa tulivu kabisa, na kete zilikuwa mchangani kama tulivyoziacha, zamu ya Deo.

Siku ya tatu nilirudi. Wavuvi walikuwa wamempata. Watu wa pale walikuwa wametoa taarifa, hakuna ndugu aliyejitokeza, na hali yake haikuruhusu kungoja. Hawakujua dini yake wala jina lake. Walimwosha, wakamsalia, wakamzika kama mtu wao. Mimi nilikuwa nyuma ya watu. Mzee mmoja akageuka akaniuliza, "Kijana, unamfahamu huyu?" Nikasema simfahamu.

Yuko Kimbiji, nyuma ya msikiti mdogo wa zamani, upande wa mkorosho uliokatwa. Kaburi lina jiwe moja halina jina. Mkiuliza kaburi la mgeni wa Pasaka watawaonyesha. Wanaliita hivyo.

Nilipoanza kucheza na Mzee nilidhani namliwaza. Labda nilitaka anishinde. Sijui, nisijipambe.

Kesho natoka kazini saa nne nakwenda kituo cha polisi mwenyewe. Mfalme nimemfunulia kile kikombe. Ni mti tu, alisema kweli.

Wilbert


Mtoni, 30 Machi 2025

Wilbert,

Nimesikia wameyaandika maelezo yako na wamekuachia kwa dhamana. Hayo ni yao na wewe.

Tulikwenda. Lipo kama ulivyosema. Yule mzee wa msikiti bado yu hai na shati la njano kalitunza, kalikunja kwenye mfuko, miaka minne, akisema mwenye mtoto atakuja. Mama alimshika mikono, akamwita kaka. Padri alikuja akasali, na wao wakaitikia. Mama kakataa Deo kuhamishwa. Kasema waliomstiri ndio ndugu zake, alale hapo.

Idadi ya bahasha sasa naweza kukwambia. Ulisema hamsini. Kile kitambaa kilikuwa na mifuko mitatu tu, na yote ilikuwa na bahasha zake. Nilizikabidhi zote, kilichobaki ni kanga. Baba hakuandika nyingine hata moja ya akiba. Mie mwenyewe kila nilipoletewa barua yako nilikuwa nikisema leo atacheza kingine, leo tutamkosa Deo. Na wewe ukaja palepale.

Jambo la mwisho. Jumamosi ijayo tunaanua matanga. Tutapika, ndugu wamekuja kutoka kusini. Jana mama alikaa kwenye kiti, kwa mara ya kwanza, akanywa chai. Lakini mkeka haujakunjwa. Mie nilitaka kuukunja akanipiga mkono. Shangazi alitaka, akamkatalia. Umelala pale sebuleni, ukutani, kwenye kona, na watu wanauzunguka wakipita.

Mama anasema utakunjwa na aliyeutandika.

Tutakungoja kuanzia saa tatu asubuhi. Mlango utakuwa wazi na watu wote watakuwa wamekaa. Utaingia, utavuka sebule mbele yao, utafika kwenye ile kona, utainama.

Marietha. Zamu yako.